Kabla Hujatuma Barua ya Kiingereza: Misemo Tunayoikosea na Namna ya Kuisahihisha

Miaka 12 sasa nimekaa nyuma ya kompyuta katika saiba, yaani kiduka cha kompyuta na intaneti, huku Eastlands, Nairobi. Watu huja na barua zao zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, wengine wanazo kwenye simu, nami nazipiga chapa, nazichapisha au kuzituma kwa baruapepe. Barua za kuomba kazi, za kuomba likizo, za kumsihi mwalimu mkuu amruhusu mtoto akae darasani karo ikitafutwa, matangazo ya ploti, shukrani baada ya mazishi. Nimezisoma nyingi mno, hata baadhi ya makosa nayajua kabla karatasi haijakunjuliwa.

Makosa hayo hayatokani na ujinga. Wengi wa wateja wangu wamemaliza kidato cha nne, wameufanya mtihani wa KCSE na ile karatasi ya kwanza ya Kiingereza ambamo uandishi wa barua na matangazo una alama 20, na wakafaulu. Sarufi wanayo. Kinachowaangusha ni misemo, yaani yale mafungu ya maneno yanayokuja yameshonwa tayari, ambayo ukichomoa uzi mmoja vazi zima linafumuka. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga picha. Mgeni akisema amechapa magoti tutamwelewa, lakini papo hapo tutajua kwamba lugha hii amejifunzia ukubwani. Ndivyo na msomaji wa barua yako ya Kiingereza anavyokujua, na wakati mwingine anakuhukumu kwa hilo kabla hajafika kwenye vyeti vyako.

Kwa nilivyoona, misemo hiyo huharibika kwa kupitia milango miwili. Wa kwanza ni sikio. Uliusikia msemo redioni, kanisani au kazini, hukuwahi kuuona umeandikwa, ukauandika jinsi ulivyousikia. Wa pili ni Kiswahili chetu wenyewe, au lugha ya nyumbani: unawaza kwa lugha yako kisha unahamisha neno kwa neno. Ukijua kosa limeingilia mlango gani, unaweza kulifungia lisirudi tena. Hatua zinazofuata zimepangwa hivyo.

Hatua ya 1: Andika kwanza kwa Kiswahili unachotaka kusema

Chukua kikaratasi. Andika kwa Kiswahili unaomba nini, una nini cha kuonyesha, na unataka huyo mtu afanye nini. Mistari mitatu inatosha.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu watu wengi huanza na msemo kabla ya kuwa na jambo. Wanajua barua hufunguliwa kwa "I hope this letter finds you well", wanaiandika. Wanaongeza "I humbly wish to take this golden opportunity". Aya imekwisha, na bado hakuna ajuaye ni kazi gani inayoombwa. "Golden opportunity" ni bahati adimu ambayo mtu akiikosa atajuta, kama kulipiwa masomo yote ya chuo kikuu. Kuandika barua hakumo humo. Futa. Sentensi ya kwanza iwe "I am applying for the post of storekeeper", basi. Anayesoma barua 100 kwa siku atakushukuru.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalifikirii: Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Barua yako kwa ofisi ya serikali unaweza kuiandika kwa Kiswahili, na mimi hufurahi sana mtu anapoamua hivyo. Lakini matangazo ya kazi huja kwa Kiingereza na majibu hutarajiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tuendelee.

Hatua ya 2: Kagua misemo uliyoipata kwa sikio

Usitegemee ile mistari myekundu ya kompyuta. Hapa kila neno limeandikwa sawasawa, ila si neno linalotakiwa. Dawa ninayoitumia ni moja: msemo ukikutilia shaka, uliza kuna picha gani ndani yake. Ukiiona picha, hutakosea tahajia.

Chukua "bear with us". Hilo "bear" ni kubeba, kustahimili mzigo. Unamwomba mteja avumilie pamoja nawe. Ukiandika "bare", umeandika kuvua, kuacha wazi. Nimeona kwenye vioo vya maduka yanayoheshimika tangazo kwamba mtambo umeharibika, "please bare with us", na kila nikilisoma namhurumia aliyeliandika kwa nia njema akawaambia wateja wavue nguo naye.

"First come, first served". Picha ni ya foleni: aliyefika kwanza ndiye anayehudumiwa kwanza. Anatendewa, na ndiyo maana kuna "d" mwishoni. Mabango ya ploti za Kamulu na Joska kwenye barabara ya Kangundo mara nyingi huandika "first serve", na maana yake inageuka: anayefika wa kwanza ndiye atakayeanza kuwahudumia wengine.

"Toe the line" ni watu waliopanga vidole vya miguu kwenye mstari uliochorwa chini, hakuna anayeuvuka. "Toe" ni kidole cha mguu. Kila msimu wa siasa wanachama huambiwa "tow the party line", na "tow" ni kukokota, kama gari bovu linavyokokotwa na breakdown hadi gereji. Mstari haukokotwi.

"Nip it in the bud" ni mkulima anayeminya tumba la ua kwa ukucha kabla halijachanua. Sisi tungesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaosikia "butt" badala ya "bud" wanaandika makalio, tena katika barua za nidhamu za ofisini. "Whet my appetite" imetoka kwenye kunoa kisu. "Wet" ni kulowesha. "Free rein" ni hatamu za farasi zilizolegezwa, si "reign" ya kutawala. "Could of" haipo kabisa. Ni "could have" inayosikika hivyo inapotamkwa haraka, na hali ni hiyo hiyo kwa "should of" na "would of".

Kuna misemo miwili ambayo lazima nikae nayo zaidi.

Wa kwanza ni "Rest in Peace". "Peace" ni amani, "piece" ni kipande, na kwa sikio hayana tofauti hata chembe. Nilihudhuria mazishi ambapo programu zilikuwa zimechapwa kwingine, nakala mia kadhaa, picha ya marehemu juu na chini yake "Rest in Piece" kwa herufi kubwa za dhahabu. Familia iliona pale pale kaburini. Hakuna aliyesema neno, lakini niliona binti yake akikifunika kile kijitabu kwa kiganja. Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya msiba ikija kwangu nalisoma neno hilo kwa kidole, hata kama ni saa sita usiku na gari la maiti linaondoka alfajiri. Na kumbuka kwamba "peace of mind" ni utulivu wa moyo, lakini "to give someone a piece of my mind" ni kumkaripia mtu vikali. Ukimwandikia mfiwa kwamba unamtakia "a piece of mind", umemtakia jambo jingine kabisa. Rambirambi nazo huandikwa kwa wingi: "my condolences", si "my condolence".

Wa pili ni "in lieu of", na huu unaweza kukugharimu pesa. Wengi huudhani kuwa ni "kutokana na", hivyo wanaandika "In lieu of the above, I request your assistance". Neno "lieu" ni la Kifaransa na maana yake ni mahali. Msemo mzima maana yake ni badala ya. Sasa tazama barua ya kuachishwa kazi inayosema utalipwa "one month's salary in lieu of notice". Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu upande mmoja kuvunja mkataba bila kutoa notisi, mradi umlipe mwenzake mshahara wa kipindi ambacho notisi hiyo ingechukua. Maana yake hukupewa mwezi wa kujiandaa, kwa hiyo unalipwa badala yake. Baba mmoja alikuja na barua ya namna hiyo akifikiri analipwa kwa sababu ya notisi na bado anatakiwa kufanya kazi mwezi huo mzima. Tukaisoma pamoja mara mbili. Kama unataka kusema "kutokana na hayo yaliyotangulia", andika "in view of the above" au "in light of the above".

Hatua ya 3: Tafuta Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chako

Huu ndio mlango mpana zaidi, na kwangu ndio unaopendeza, kwa sababu makosa yake yanaonyesha kwamba una lugha yako na inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba inafanya kazi mahali pasipo pake.

Anza na kosa kubwa kuliko yote jijini, lile la "Am". "Am a Form Four leaver." "Am writing to apply." "Am very hardworking." Kwa Kiswahili nafsi ni silabi moja iliyoganda kwenye kitenzi: ninaomba, niko, nimesoma. Sikio likisikia "I'm" linapata silabi moja tu, linaiandika "Am", na mkono unaona imekamilika. Haijakamilika, kwa sababu mtendaji hayupo. Andika "I am" kwa maneno mawili katika barua rasmi, kila mara. "Am" hutangulia sentensi katika swali tu, kama "Am I late?" Ukimaliza barua, tafuta kila sentensi inayoanza na "Am" isiyo na alama ya kuuliza mwishoni. Ukirekebisha hili peke yake, barua yako imepiga hatua kubwa.

Kisha angalia vitenzi na vijineno vinavyovifuata. Kiswahili huubeba uhusiano ndani ya tumbo la kitenzi: andika huwa andikia, leta huwa letea, na mtendewa anaingia humo humo, nisubiri, nisikilize. Kiingereza hakina tumbo hilo. Kinaweka kijineno nyuma ya kitenzi: "wait for me", "listen to me", "apply for the job". Anayehamisha moja kwa moja huandika "I wish to apply the job".

Upande wa pili, sisi tunajadiliana kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about" na "emphasise on". Hapo Kiingereza hakitaki kitu katikati: "discuss the matter", "emphasise the point". "Comprise" haitaki "of". "Cope" haitaki "up". "Despite" haitaki "of", ingawa "in spite" inaitaka. "Request" ina tabia mbili: ikiwa kitenzi husimama peke yake, "I request two days' leave", ikiwa jina, yaani nomino, hutaka "for", "my request for leave". Hakuna kanuni moja itakayoyakusanya haya yote. Nunua daftari dogo la shilingi chache, kila ukikutana na kitenzi kiandike pamoja na mkia wake, ukikariri kama tulivyokariri majedwali ya kuzidisha.

Mkia mmoja unastahili mstari wake. "I look forward to hear from you" ni kosa. Tunasema nasubiri kusikia, na "kusikia" tunajua ni "to hear". Lakini "to" ya hapa si ile ya kuanzishia kitenzi. Ni ya mwelekeo, kama ile ya "to the market", na baada yake lazima lije jina au kitenzi kilichovaa "-ing": "I look forward to hearing from you." Ukitaka kujipima, weka jina mahali pa kitenzi: "I look forward to your reply". Ikikubali jina, basi inataka "-ing".

Yeye. Kiswahili kina baraka ya kutobagua mwanamke na mwanamume katika kiambishi: alikuja, anafanya, atafaulu. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na vidole vinavyokimbia havichagui. Nimepiga chapa barua za mapendekezo zilizomwita msichana mmoja "she" katika aya ya kwanza na "he" katika ya pili. Anayeajiri akisoma hivyo ana haki ya kushuku kwamba barua ilinakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Soma barua yote mara moja ukitazama maneno hayo tu, usitazame lingine.

Kuazima ni kupokea na ni kutoa: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Kiingereza kimezigawa. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows", kwa hiyo "borrow me your pen" haisimami. "Tangu" nayo tunaitumia kwa upana, na Kiingereza kinataka "since" kwa siku lilipoanza jambo na "for" kwa urefu wake: "since 2019", lakini "for two years", kamwe si "since two years".

Vitu visivyohesabika vinatutatiza kwa sababu kwetu vinahesabika: vifaa, mizigo, mashauri. Kiingereza kinaandika "equipment", "furniture", "luggage", "advice", "information", "feedback", vyote bila "s". Neno habari litakusaidia kukumbuka. Habari hii, habari hizi, umbo lake halibadiliki. Yaone maneno hayo ya Kiingereza vivyo hivyo. "Staff" ni kundi zima la wafanyakazi, kwa hiyo mmoja ni "a member of staff" na wengi ni "members of staff". "Staffs" iache.

Sasa nije kwenye misemo inayofanana na yetu kwa sura tu. Kijana mmoja aliyenyimwa kazi aliniletea jibu alilotaka kumtumia mwajiri, na ndani yake kulikuwa na "I am heartbroken by your decision". Nikamwuliza, "Kijana wangu, hapa ulitaka kusema nini?" Akasema, "Mama, nimevunjika moyo tu, lakini wakitangaza tena nitaomba." Kwetu kuvunjika moyo ni kukata tamaa kidogo, mtu anaweza kuvunjika moyo kwa kukosa matatu ya mwisho. "Heartbroken" ya Kiingereza ni majonzi ya aliyefiwa au aliyeachwa na ampendaye. Tukaandika "I am disappointed, but I would be glad to be considered again." Sentensi hiyo inamsimamisha mtu wima, na haifungi mlango.

Kichwa kigumu kwetu ni cha mwanafunzi asiyeelewa upesi. "Hard-headed" inaweza kuwa sifa, mtu anayeamua kwa hesabu bila kuyumbishwa na hisia. Mkono mrefu kwetu ni mwizi, ilhali Waingereza husema "the long arm of the law", mkono mrefu wa sheria unaomfikia mkosaji popote. Lakini mikono mitupu na "empty-handed" zinalingana sawasawa, na mwenye mkono wazi ni "open-handed" kwao pia. Kwa hiyo usiogope kila kufanana. Kagua tu.

"Pole" haina neno moja linaloijaza kwa Kiingereza. Nairobi tunasema "sorry" mtu anapojikwaa, na tunaelewana. Msomaji wa mbali akiona "Sorry" peke yake atauliza umemkosea nini. Eleza sababu: "I am sorry to hear that you have been unwell." Vivyo hivyo "You are lost", tunapomwambia mtu amepotea siku nyingi. Kwake ni kwamba hajui njia. Andika "It has been a long time". Na "I'm coming", tunayoisema tukiwa tunatoka mlangoni kwa maana ya narudi sasa hivi, katika baruapepe iwe "I will get back to you".

Kuna barua za ndugu na marafiki pia, na hizo tulifundishana shuleni kwa mdomo: "Receive a lot of greetings from me. Back to me, am fine." Ni pokea salamu nyingi, nami kwa upande wangu sijambo. Binafsi naipenda sana, naona mikono ya wanafunzi wa bweni ikiiandika usiku kabla ya taa kuzimwa. Dada yako aliye Kisumu mwandikie hivyo hivyo. Lakini kwa mfadhili wa masomo aliye Uingereza andika "I hope you are well. I am well too." "Slowly by slowly" iko kundi hilo: ni polepole yetu imevaa suti. Jijini tunaitumia na hakuna ubaya, katika barua rasmi andika "gradually" au "little by little".

Hatua ya 4: Lugha ya ofisini

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu mambo ni machache.

"Kindly" si kosa, ila ikitokea mara nne katika barua moja inachosha, na kwa wageni wengine inasikika kama amri iliyofunikwa kitambaa. "Please" inatosha. "Revert" tunaitumia kwa maana ya kujibu na ofisi nyingi za hapa zinaielewa. Maana yake ya asili ni kurudia hali ya awali, kwa hiyo mtu wa nje mwandikie "reply". "Revert back" iondoe popote, kama vile "return back" na "repeat again", maana kurudi kumeshatajwa ndani ya kitenzi. "Please find attached my CV" ni sawa. "I have attached my CV" ni sawa zaidi. Ambatisha faili kabla ya kuandika sentensi hiyo, usingoje baadaye.

"RE:" inayotangulia kichwa cha barua watu huidhani ni kifupi cha neno la Kiingereza. Imetoka kwa Kilatini "res", jambo, na maana yake ni "katika suala la". Kwa hiyo usiandike "RE: Regarding". Ni jambo lile lile mara mbili.

Mwisho wa barua hutegemea mwanzo wake. Ukianza "Dear Sir or Madam" kwa sababu hujui jina, malizia "Yours faithfully". Ukianza kwa jina, "Dear Mrs Otieno", malizia "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya "Y" pekee, na "Yours" haina kile kialama cha juu kabla ya "s".

Hatua ya 5: Thibitisha pale ulipobaki na shaka

Kamusi inayokufaa ni ile iliyotungwa kwa wanaojifunza Kiingereza, kwa kuwa inakupa sentensi za mfano na kukuonyesha kijineno gani kinafuata kitenzi. Za mitumba zinapatikana kwa wauza vitabu wanaopanga bidhaa chini kando ya njia katikati ya jiji, maduka tuliyoyapa jina la inama. Fungua kurasa za ndani kabla hujalipa, mara nyingine karatasi zimeng'oka. Huku Eastlands Maktaba ya McMillan ina matawi yake Kaloleni na Makadara, na kamusi ni kitabu unachoweza kukisoma hapo hapo.

Kwa wanaotumia simu, andika msemo wote ndani ya alama za nukuu pale unapotafutia, ili upate maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Usiwe na haraka ya kuhesabu majibu, kwa sababu makosa nayo yamejaa tele. Tazama ni nani aliyeandika. Kamusi, gazeti lenye wahariri au tovuti ya chuo kikuu vina uzito ambao bango la ploti halina.

Na kama baada ya yote hayo bado huna hakika, uache msemo. Sema jambo kwa maneno ya kawaida. "I waited anxiously" haina kosa lolote, wakati "with bated breath" inaweza kukuingiza kwenye "baited", pumzi yenye chambo cha samaki. Sijawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa kukosa msemo.

Hatua ya 6: Isome kwa sauti, kisha itume

Ichapishe kwenye karatasi hata kama utaituma kwa baruapepe. Shilingi 10 za ukurasa mmoja si hasara, na jicho linaona kwenye karatasi yale linayoyaruka kwenye kioo. Isome mara tatu. Mara ya kwanza, tafuta "Am" zisizo na "I". Mara ya pili, tazama "he" na "she". Mara ya tatu, isome kwa sauti mbele ya mtu mwingine, hata mtoto wa shule, ukisimama kwenye kila msemo na kumweleza kwa Kiswahili una maana gani. Msemo utakaoshindwa kumweleza, ufute pale pale kwa kalamu. Halafu rudi kwenye kompyuta, hakikisha jina la mpokeaji limeandikwa kama alivyoliandika yeye mwenyewe kwenye tangazo, uambatishe CV, na utume.